Upande wa Pili wa Santuri

Birongo ni sehemu ya Nyaribari Chache katika Kaunti ya Kisii, kwenye ile nchi ya vilima ambako migomba, mashamba ya majani chai na nyumba za watu vimesongamana hata mgeni hatambui boma moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Mvua ya huko haina haya. Hunyesha adhuhuri, ikaanuka, kisha alasiri ikarudi kana kwamba ilisahau kitu. Alasiri moja ya namna hiyo, Desemba mwaka 2022, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili alikuwa ameketi sebuleni kwa babu yake, daftari mapajani na simu mezani ikinasa sauti. Alikuwa amepewa kazi katika somo la fasihi simulizi: akusanye methali ishirini za Abagusii, azifasiri kwa Kiswahili na aeleze muktadha wa kila moja.

Babu alimpa methali nane. Alipofika ya tisa alichoka, au pengine alichoshwa. Alikuwa amefundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini na aliyatambua maswali ya mtihani hata yalipomjia yamevaa joho la utafiti. Akauliza kama huko chuo kikuu wazee wanahesabiwa kuwa na mali ya methali tu.

"La, Sokoro," mjukuu alijibu, akimwita kama walivyozoea kumwita nyumbani. "Kuna vitendawili, ngano na nyimbo pia."

"Nyimbo gani?"

"Nyimbo za jadi. Za tohara, za harusi, za kazi."

"Na nilizopiga mimi?"

Mjukuu hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba babu yake alipiga nyimbo zozote. Mzee aliingia chumbani, akakaa huko kwa muda, akarudi na kisanduku cha bati cha wanafunzi wa shule za bweni za zamani. Ndani mlikuwa na santuri kumi na nne ndogo, zile za mizunguko arubaini na tano kwa dakika, nyingine zikiwa bado katika bahasha zake za karatasi. Alizipekua kwa ncha za vidole mpaka akaipata moja, akamkabidhi mjukuu. Lebo yake ilikuwa imefifia. Ilitaja jina la wimbo kwa Ekegusii, na chini yake jina la mtu mmoja, kiongozi wa bendi, pamoja na jina la bendi yenyewe. Palikuwa na neno moja zaidi lililoonyesha kwamba upande ule ulikuwa sehemu ya kwanza. Basi.

"Gitaa la besi humo ni langu," babu alisema.

Habari ilitoka polepole, nusu kwa Ekegusii na nusu kwa Kiswahili cha ualimu. Katika miaka ya 1970, alipokuwa kijana mwenye cheti kipya na mshahara mdogo, vijana watano walikuwa na bendi. Ala hazikuwa zao. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni aliwanunulia magitaa mawili na amplifaya iliyotumia betri ya gari, naye akawa anakata chake katika kila malipo. Walipiga kwenye harusi, kwenye mikutano ya kuchangisha fedha za kujengea madarasa, na zaidi ya yote katika majuma yale ambayo wakulima walikuwa wamelipwa fedha za chai, maana ndipo watu walipokuwa na moyo wa kucheza. Mara moja, mara moja tu, walipanda gari alfajiri wakaenda studio katika mji wa mbali, wakarekodi nyimbo mbili kabla ya saa nane, wakapewa nauli ya kurudi na ahadi ya mengine. Ahadi hiyo babu aliitaja bila uchungu wowote wa wazi. Alichokitaja kwa uchungu ni lebo.

Hapana budi kueleza santuri hizo zilivyokuwa, kwa kuwa wasomaji wengi wa umri mdogo hawakuziona isipokuwa kwenye picha. Upande mmoja wa santuri ya namna hiyo hubeba muziki wa dakika tatu au nne hivi. Wimbo wa benga hautoshi humo. Kwa hiyo watayarishaji waliukata wimbo mara mbili: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili ukigeuza. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye maneno: kisa, malalamiko, sifa za msichana au za tajiri fulani. Katika sehemu ya pili waimbaji hupunguza maneno, magitaa hushika kasi, na gitaa la solo huachiwa uwanja. Ndipo wachezaji walipokuwa wakisimama. Na humo ndimo kiongozi wa bendi, akizungumza juu ya muziki badala ya kuimba, alipokuwa na desturi ya kuita majina: mpiga ngoma, mpiga solo, rafiki aliyenunua bia, shangazi aliyewalaza usiku mmoja.

Ina maana kwamba lebo iliwanyima nafasi wanne kati ya watano, lakini muziki haukuwanyima. Majina yalikuwamo ndani ya wimbo wenyewe. Babu alikuwa na hakika kwamba la kwake liliitwa mara mbili.

Mjukuu akaigeuza santuri. Upande wa pili ulikuwa na mkwaruzo mpana kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, kisha mwingine, kisha mingine isiyohesabika. Mwanawe babu, yaani baba yake msichana, alipokuwa na miaka minne au mitano aliifanya gurudumu la gari la mti na kuiburura uani kutwa nzima. Mzee alicheka alipoeleza hayo. Alisema hakumchapa; santuri yenyewe ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati, kaseti zilikuwa zimeingia, na gramafoni ya nyumbani ilikuwa haina sindano.

Wanaoandika historia ya muziki wa Kenya wameifanyia benga hisani kubwa kuliko ilivyokuwa zamani. Inajulikana sasa kwamba ilichipuka miongoni mwa Wajaluo, kandokando ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1950 na 1960, na kwamba vidole vya wapiga magitaa wa mwanzo vilikuwa vimejifunza kwanza kwa nyatiti. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliyeongoza Shirati Jazz hadi kifo chake mwaka 2006, hahitaji kutambulishwa. Shirika la Ketebul Music la Nairobi, linaloongozwa na Tabu Osusa, lilitoa mwaka 2008 kazi iliyofuatilia chimbuko la mdundo huo, na mwaka 2017 kitabu kikubwa kuhusu muziki wa Kenya tangu 1946 hadi 2016. Hata kule Zimbabwe, santuri za mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo zilipendwa mno hivi kwamba jina lake likawa jina la aina ya muziki, na lebo yake mojawapo, Sungura, ikawa jina la aina nyingine iliyokua hadi leo. Si bendi nyingi duniani zinazoweza kudai kwamba karatasi iliyobandikwa juu ya kazi yao iligeuka kuwa msamiati wa nchi nyingine.

Kwa upande wa Gusii, jina linalotangulia ni la Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013. Baada yake orodha hufupika upesi. Anayetaka kujua zaidi huambiwa kwamba bendi zilikuwa nyingi, na kweli zilikuwa nyingi, lakini wingi usio na majina haumsaidii mtafiti. Tena wenyeji wenyewe wana sehemu yao ya lawama. Muziki wa ulevini haukuwa jambo la kujivunia mbele ya kanisa, na mwalimu aliyetaka kupandishwa cheo alijua vema kwamba gitaa lilipaswa kukaa chini ya kitanda. Babu aliacha bendi alipopata uhamisho. Alilifanya hilo lisikike kana kwamba uhamisho ndio ulioamua.

Alichokieleza kwa marefu na mapana, mpaka taa ikawashwa na simu ya mjukuu ikalia kwa kuishiwa na chaji, ni upigaji wenyewe. Kabla ya kuligusa gitaa la besi alikuwa amekua akisikiliza obokano. Ala hiyo ya Abagusii ni jamaa wa nyatiti, nayo ina nyuzi nane, lakini ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito mno. Bakuli lake la mbao huwambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi hupita karibu sana na ukingo hivi kwamba kila mdundo huambatana na mkwaruzo, mfano wa mtu anayesema huku ana mafua. Wataalamu wa muziki wameilinganisha na fidla kubwa ya besi ya okestra za Ulaya. Babu hakuhitaji ulinganisho huo. Alisema kwamba bendi nyingine zilimtaka mpiga besi afuate magitaa madogo nyuma nyuma, kama mtoto anayemfuata mama sokoni, ilhali yeye alipiga besi kama obokano: ikitangulia, ikiuliza swali, na magitaa yakijibu. Kiongozi wao hakuipenda mwanzoni. Baadaye, alipoona watu wanavyokanyaga, alinyamaza.

Dai hilo ni zito. Kama ni kweli, basi lipo jambo la kusemwa kuhusu benga ya Gusii ambalo haliwezi kusemwa kwa kurudia yaliyokwisha kuandikwa kuhusu benga ya Wajaluo: kwamba haikuazima mdundo wa jirani tu bali iliutia ala yake yenye umri mkubwa kuliko gitaa. Lakini ushahidi wa dai ulikuwa santuri yenye upande mmoja mzima, na upande huo ndio wenye maneno mengi na besi ndogo.

Msichana alirudi chuoni na methali zake. Babu alimkamilishia ishirini asubuhi ya kuondoka, akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayelipa deni. Alama alizopata zilikuwa nzuri. Lakini alipokwenda kwa mhadhiri wake kumweleza kwamba alitaka kuandika tasnifu ya mwaka wa mwisho juu ya nyimbo za bendi ya babu yake, aliulizwa swali moja ambalo hakuwa amelitarajia. Hakuulizwa kama benga ni fasihi. Mhadhiri alikuwa radhi kulikubali hilo; Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Mombasa mwaka 1979, husomwa madarasani, na hakuna mtu anayedai siku hizi kwamba umeme wa gitaa huufukuza ushairi. Aliulizwa: fanani ni nani?

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kanuni hiyo mapema. Unapokusanya ngano, unaandika jina la msimulizi, umri wake, mahali, siku, na waliokuwapo. Mtafiti asiyefanya hivyo huambiwa kwamba ameleta maandishi yasiyo na mwenyewe. Ajabu ni kwamba kanuni hii, inayomlinda bibi kizee aliyetega vitendawili vitano kando ya moto, haijawahi kuwalinda watu watano waliosimama siku nzima studio. Kwao tunaridhika na lebo. Tunaandika jina la kiongozi, tunaongeza "na bendi yake", tunaendelea na uchanganuzi wa taswira. Kimilikishi hicho kidogo, "yake", kimewafunika watu wengi.

Mfano wa majirani wa Gusii unaonyesha jambo hili kwa namna ya kuchekesha na kuhuzunisha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mwanzilishi wa maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoko Makhanda, mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, Afrika Kusini, alipita miongoni mwa Wakipsigis akirekodi nyimbo. Wasichana walimwimbia wimbo uliokuja kujulikana kama "Chemirocha". Jina hilo ni la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko pamoja na gramafoni za Wazungu. Wasichana walikuwa wamemfanya kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, nao walimwomba acheze. Hivyo Jimmie Rodgers, aliyeimba peke yake na gitaa lake maelfu ya maili mbali, alipewa jina la Kikipsigis na umbo la kiajabu, na jina lake limehifadhiwa katika kichwa cha wimbo. Wasichana waliomwimba walikaa zaidi ya miaka sitini bila kusikia sauti zao wenyewe. Katika miaka ya 2010 maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music, ilizirudisha rekodi hizo vijijini na kuwatafuta waliosalia. Ilibidi watu waulize nyumba kwa nyumba.

Upo mfano mwingine, wa karibu zaidi na wakati wa babu. Mwaka 1976 vijana wa Nairobi waliojiita Black Savage, bendi ya roki na funki ambayo Wakenya wengi hawakuisikia wala hawajaisikia hadi leo, walikuwa katika kampuni ya EMI. Katika nyimbo zao mulikuwa na mmoja wa Kijaluo, "Kothbiro", maana yake "mvua inakuja". Mmoja wa vijana hao, Job Seda, baadaye alijiita Ayub Ogada, akaliacha roki na kuishika nyatiti, na katika albamu yake ya mwaka 1993 aliurudia wimbo huo kwa sauti ya utulivu. Filamu "The Constant Gardener" ya mwaka 2005 iliutumia, na ulimwengu ukamjua. Kisha mwaka 2018 Kanye West, mwanamuziki wa Marekani, alichukua kipande cha rekodi ile ya awali ya Black Savage na kukitia katika wimbo wake "Yikes". Katika orodha ya watunzi wa "Yikes" yakaandikwa majina ya Ayub Ogada na James Mbarak Achieng. Ogada alifariki Februari mwaka uliofuata.

Haijalishi hapa kama nyimbo za Kanye West zinapendeza. Linalojalisha ni kwamba miaka arubaini na miwili baada ya kurekodiwa, wimbo ulipoitwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameota, walikuwapo watu wawili wa kuitika. Majina yao yalikuwa yameandikwa. Bendi iliyokuwa imesahaulika kabisa nyumbani iliweza kudai haki yake ugenini kwa sababu ya mistari miwili ya karatasi. Bendi ya watu watano wa Gusii isingeweza. Kama mtu wa Chicago au wa Paris angelichukua mdundo ule wa besi kesho, barua ingefika kwa mrithi wa kiongozi, ikiwa ingefika kokote.

Msichana hakuwa na fikra za Chicago. Alitaka upande wa pili.

Alianza mjini Kisii, ambako wauzaji wa muziki walimwonyesha kadi za kumbukumbu zenye nyimbo mia tatu kwa shilingi mia moja, zote za miaka ya karibuni. Aliwaandikia watu wawili wa redio zinazotangaza kwa Ekegusii. Mmoja alimjibu kwa upole kwamba hazina yao ya zamani si ya zamani kiasi hicho. Hilo halishangazi. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi katika studio zake yenyewe na kuziweka kanda rafuni. Nyingi zimeharibika, lakini angalau ziko mahali pamoja. Huku kwetu nyimbo zilikuwa bidhaa. Ziliuzwa madukani, zikatawanyika katika maelfu ya sebule, zikawa magurudumu ya magari ya watoto. Anayezitafuta hana maktaba ya kwenda. Ana watu tu.

Akiwa Nairobi kwa mafunzo ya nyanjani katikati ya mwaka 2023, alielekezwa Soko la Kenyatta, ambako baina ya vibanda vya nyama choma na vya kusukia nywele kuna watu wanaouza santuri kuukuu. Jumamosi ya kwanza alipekua mafungu matatu. Ya pili hakwenda kwa sababu ya mvua. Ya tatu, muuzaji alikwisha kumzoea, akamwambia aanze na sanduku la chini ambalo Wazungu hawajalifikia, maana hao nao huja, hununua kwa mafungu na kupanda ndege. Kufikia saa tisa alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Santuri aliyoipata haikuwa na bahasha, na lebo yake ilikuwa imechanika, lakini jina la kiongozi lilisomeka. Aliigeuza kabla ya kuuliza bei. Upande wa pili ulikuwa na vumbi tu.

Muuzaji aliiweka kwenye chombo chake na kumruhusu anase sauti kwa simu. Msichana hakusikiliza. Alijiwekea nadhiri kwamba atasikia pamoja na mwenyewe, hivyo akasimama nje ya kibanda, mikono masikioni, kama mtoto anayeogopa radi, huku wasusi wakimtazama.

Babu alikuwa amedhoofika alipomkuta mwezi Agosti. Miguu ilikuwa imevimba na alisikia vizuri kwa sikio la kushoto pekee. Mjukuu aliunganisha simu na kispika kidogo, akakiweka upande huo. Bibi aliacha kuchambua mboga, akaja kusimama mlangoni. Hakuwahi kuusikia wimbo huo. Alikuwa ameolewa baada ya uhamisho.

Muziki ulianza katikati, kama zinavyoanza sehemu zote za pili, kana kwamba mtu amefungua mlango wa chumba ambamo ngoma inaendelea. Na besi ilikuwa mbele. Hata msichana, ambaye hakuwa na masikio ya fundi, aliisikia ikiuliza na magitaa yakijibu, nzito, yenye mkwaruzo ambao pengine ulikuwa wa spika iliyotoboka na pengine ulikuwa wa makusudi. Vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kusogea juu ya goti.

Kiongozi akaanza kuita. Alimwita mpiga ngoma kwa jina lake na la baba yake. Akamwita wa solo, akacheka. Akamsifu mfanyabiashara mwenye amplifaya kwa maneno marefu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Akamtaja msichana fulani wa Keumbu, na hapo bibi mlangoni akaguna. Kisha, besi ilipopanda, kiongozi akapaza sauti kwa Ekegusii: yule wa Birongo, yule wa Birongo. Magitaa yakarudi, wimbo ukafifia, ikabaki sauti ya sindano.

Kilikuwa kimya kirefu. Mjukuu alikuwa amekwisha kuandika kwenye daftari, mbele ya neno "besi", jina kamili la babu yake.

"Tulikuwa wawili kutoka Birongo," mzee alisema.

Alieleza kwamba mpiga gitaa la ridhimu alikuwa wa kijiji hicho hicho, ng'ambo ya kijito. Alifariki zamani, kabla ya baba yake msichana kuoa, na hakuacha mtoto. Mara nyingine mmoja akichoka walibadilishana magitaa. Studio siku ile walirekodi kila wimbo mara mbili, na katika mojawapo walikuwa wamebadilishana. Ni ipi iliyochapishwa, hakuwa ameambiwa.

"Lakini besi hiyo ni yako, Babu. Inapigwa kama obokano, kama ulivyosema."

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

Mjukuu alitazama daftari. Aliuliza jina la huyo mwingine, naye babu akalitaja taratibu, jina lake, la baba yake na la ukoo, akisubiri kalamu ifike mwisho wa kila neno kama alivyokuwa akiwasomea imla watoto wa darasa la nne. Msichana aliyaandika majina mawili katika mstari mmoja, akaweka mkwaju kati yake. Kisha babu akainamisha sikio lake la kushoto kuelekea kispika.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Hapo kabla hajaita."